Namba ndogo, tundu kubwa: tuielewe hii f ya kwenye lenzi

Kwenye magrupu ya wapiga picha kuna swali haliishi, kila akiingia mtu mpya lazima aulize, kwa nini f/1.8 ndo tundu kubwa la kupitishia mwanga na f/22 ndo tundu dogo, si ilitakiwa iwe kinyume? Na jibu analopewa mara nyingi ni "we kariri hivo hivo, namba ndogo mwanga mwingi". Mi hilo jibu silipendi kabisa. Ukikariri utapiga picha sawa, ila siku ya kununua lenzi utanunua kwa kubahatisha, siku ya harusi nusu ya ukoo utaiacha kwenye ukungu, yani sura zisizo shapu, na kila kitu kinachofuata utalazimika kukikariri nacho kimoja kimoja, wakati jambo lenyewe ni hesabu ya shule ya msingi na ukishaishika hayo mengine yanajileta yenyewe.

Hesabu yenyewe hii hapa. Ile f ni urefu wa fokasi wa lenzi, ile 50mm au 85mm iliyoandikwa pale mbele (ni umbali ambao lenzi inakusanya mwanga sehemu moja, sio urefu wa lenzi kwa nje). Kile kimstari kilicholala ni alama ya kugawanya, basi. Kwaiyo lenzi ya 50mm ukiiweka f/2 unachukua 50 unagawanya kwa 2 unapata milimita 25, na hicho ndo kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga, kama unavyoliona ukiichungulia lenzi kwa mbele. f/2 maana yake tundu ni nusu ya urefu wa fokasi, f/4 ni robo yake, f/16 ni sehemu moja ya kumi na sita. Chapati moja ikigawiwa watu wawili na nyingine ikagawiwa watu kumi na sita, hamna mtu anauliza kipande kikubwa kiko wapi. Namba unayoiona ni ya chini ya mstari, ndo maana ikikua tundu linapungua.

Sasa zile namba zenyewe, 1, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, kwa mara ya kwanza zinaonekana kama mtu kaziokota barabarani. Ila mwanga unapita kwenye eneo lote la tundu, na eneo la duara linakwenda na kipenyo mara kipenyo. Tuchukue 50mm yetu ile ile, ikiwa f/2 kipenyo ni milimita 25 na eneo la tundu ni kama milimita za mraba 491. Nenda f/2.8, kipenyo kinakuwa 17.9 na eneo linashuka mpaka 250. Nenda f/4, kipenyo 12.5, eneo 123. Umeona kinachotokea, kila hatua mwanga unakatika nusu, na ili duara lipoteze nusu ya eneo lake kipenyo unakigawanya kwa 1.4, yani kipeuo cha pili cha 2. Kwaiyo kila namba ni iliyotangulia mara 1.4, na hatua moja ya namna hiyo ndo tunaita stopu. Kutoka f/2 kwenda f/4 ni stopu mbili, mwanga unabaki robo, sio nusu, na hapa ndo watu wengi hesabu zinawapotea kwa sababu wanaona 2 imekuwa 4 wanadhani wamepunguza mara mbili tu.

Kuzishika kichwani ni rahisi, zipange kwenye mistari miwili. Wa kwanza unaanza na 1 unazidisha kwa mbili: 1, 2, 4, 8, 16. Wa pili unaanza na 1.4: 1.4, 2.8, 5.6, 11, 22, hapo kwenye 11 na 22 wamekata desimali. Zichanganye kwa kupishana, umemaliza. Zile nyingine unazoziona kwenye skrini, 3.2, 3.5, 7.1 na wenzake, ni kwamba kamera za siku hizi zinakata kila stopu vipande vitatu ili uweze kurekebisha kidogo kidogo. Zamani hata pete ya kuzungusha ili kubadili tundu haikuwepo kwenye lenzi nyingi, mwaka 1858 Mwingereza mmoja John Waterhouse akaja na vibati vyenye matundu ya saizi tofauti, unachomeka kibati kwenye mpasuo wa lenzi, unapiga, unachomoa unaweka kingine. Leo ni vipande vyembamba vinavyojikunja ndani ya lenzi lakini kazi ni ile ile.

Mtu makini atauliza, kwa nini tuhangaike na kugawanya, si wangeandika tu tundu ni milimita ngapi tukamaliza? Hili swali nalipenda sana kwa sababu jibu lake ndo moyo wa jambo zima. Lenzi ndefu inaona sehemu ndogo. 200mm ina urefu mara nne ya 50mm, kwaiyo ukitazama ukuta mmoja kwa lenzi zote mbili, ile 200mm inachota mwanga kutoka kwenye kipande cha ukuta ambacho ni moja ya kumi na sita ya kile inachoona 50mm (robo kwa upana, robo kwa urefu). Ili kihisi cha kamera (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kipate mwanga ule ule, tundu inabidi liwe na eneo mara kumi na sita. Sasa piga hesabu, 50mm kwa f/4 tundu lina kipenyo cha 12.5, 200mm kwa f/4 tundu ni milimita 50, kipenyo mara nne, eneo mara kumi na sita. Imekaa pale pale. Kwaiyo uwiano ndo unafanya f/4 iwe f/4 kwenye lenzi yoyote, ya kampuni yoyote, ndefu kwa fupi, ukipima mwanga kwa lenzi moja unaweza kuhamisha namba kwenye nyingine na picha itatoka na mwanga unaolingana. (Watu wa sinema wanatumia lenzi zenye alama ya T badala ya f, kwa sababu vioo vyenyewe vinameza mwanga kidogo na wao wanataka hata hicho kihesabiwe. Kwa picha za kawaida usijisumbue.)

Na hapo hapo unaelewa kwa nini lenzi za safari ni kubwa vile. Ukifika Serengeti au Ngorongoro utaona zile lenzi nyeupe zimelazwa kwenye kimfuko juu ya Land Cruiser, ukisikia bei unakaa chini. 600mm ya f/4 lazima iwe na tundu la milimita 150, hakuna ujanja wa kulikwepa hilo, kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko hapo, na kioo safi cha upana wa sentimita 15 ni hela na ni uzito, zinacheza kwenye kilo 3 hata hizi mpya zilizopunguzwa. Ile 70-200 f/2.8 wanayoipenda wapiga harusi, 200 gawanya kwa 2.8 ni milimita 71, ndo maana filta zake nyingi, vile vioo vya kuvalisha mbele ya lenzi, ni za milimita 77. Unalipia kipenyo.

Lenzi unayopewa na kamera dukani, ile 18-55, imeandikwa 3.5-5.6 na watu wanaisoma kama ni kasoro. Ukiwa 18mm inafungua hadi f/3.5, ukivuta hadi 55mm inaishia f/5.6, umepoteza zaidi ya stopu moja bila kugusa kitu. Lakini angalia matundu yenyewe, 18 gawanya 3.5 ni milimita 5, 55 gawanya 5.6 ni karibu milimita 10. Yani tundu limeongezeka ukivuta, ila urefu umeongezeka zaidi, uwiano ukashuka. Ni lenzi nzuri tu kujifunzia mchana, ila ukishaingia ukumbini saa tatu usiku na taa za rangi rangi ndo utaona inakuomba fleshi kila dakika. Kwa anayeanza na hela ni ya mawazo mi ushauri wangu haujabadilika, tafuta 50mm f/1.8 ya kamera yako, ya Canon au Nikon au hata iliyotumika, ukitoka f/5.6 kwenda f/1.8 unapata mwanga mara kumi hivi, hakuna lenzi nyingine inakupa hivo kwa bei hiyo.

Kuhusu simu. Utaona tangazo simu ina kamera ya f/1.8, na mtu anauliza kwa nini nyuma ya picha hapalainiki kama kwenye kamera kubwa wakati namba ni ile ile. Rudi kwenye kugawanya. Lenzi ya simu ina urefu halisi wa milimita chache tu, tuseme 6, gawanya kwa 1.8 unapata tundu la milimita 3 na ushee. Ile lenzi ya bei rahisi ya 18-55 ikiwa 55mm f/5.6 ina tundu la karibu milimita 10, kwaiyo ukungu wa nyuma ya mtu utakuwa mwingi zaidi ya wa simu ingawa namba yake ni kubwa. Kung'aa kwa picha kunafuata uwiano, ukungu unafuata saizi halisi ya tundu. Ule ukungu wa potreti kwenye simu unatengenezwa na programu, ndo maana mara nyingine inakata nywele au hereni. Na kwenye simu nyingi tundu halibadiliki kabisa, Samsung walijaribu mwaka 2018 na Galaxy S9, ikawa na hatua mbili, f/1.5 na f/2.4, ila wengi wameendelea na tundu moja.

Sasa tuje kwenye hili la ukungu kwa sababu ndo linaniuma. Imeingia fasheni kwamba picha ya kisasa lazima nyuma pawe pameyeyuka, kwaiyo kijana akinunua 50mm anaifungua f/1.8 asubuhi anaifunga akienda kulala. Kwa picha ya bibi harusi peke yake, sawa, ni nzuri kweli, macho yanasimama na zile taa za nyuma zinakuwa miduara laini. Lakini angalia namba. Kwenye kamera zenye kihisi cha saizi inayoitwa APS-C, ambazo ndo wengi wetu tunazo, 50mm kwa f/1.8 ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka shapu ina kina cha sentimita 11 au 12 hivi. Hiyo ni kutoka puani mpaka sikioni. Bwana harusi akiwa amesogea nyuma ya bega la mke wake ameshatoka. Funga f/2.8 unapata sentimita 18, f/5.6 unapata 36, f/8 unafika nusu mita.

Alafu inakuja picha ya ukoo. Hii picha kwetu ndo inakwenda ukutani, ndo itaoneshwa wajukuu, wazee wamekaa kwenye viti mbele, wazazi na mashangazi wamesimama, vijana wako mstari wa tatu kwenye ngazi, watoto wamechuchumaa chini. Kutoka kwa mtoto wa mbele mpaka kijana wa nyuma ni mita moja na nusu kwenda mbili. Umesimama mita 5 na 50mm yako f/1.8, kina chako ni kama sentimita 73. Maana yake hata ufokasi wapi kuna mstari mzima unapotea, na anayepotea mara nyingi ni yule ambaye baada ya miaka kumi watu watamtafuta kwenye hiyo picha. Kwenye skrini ndogo ya kamera huoni, inaonekana iko poa, mpaka ikichapishwa kubwa. Nimeshika albamu za watu nikaona sura ya bibi mzaa baba imekuwa kivuli wakati shela ya mbele ina kila uzi, na lenzi ilikuwa na uwezo wa kumpata, alihitaji tu tundu lifungwe kidogo. Kwa umbali ule ule wa mita 5, f/5.6 inakupa kina cha mita 2.3 hivi, kuanzia kama mita 4.1 mpaka 6.4, na f/8 inakupa mita 3 na nusu. Angalia pia kwamba kina kinakwenda nyuma zaidi kuliko mbele, kwaiyo usifokasi mstari wa nyuma na usifokasi mtoto aliyechuchumaa, fokasi kwa waliosimama katikati au wale wa kwenye viti kama mistari ni mingi. Ukirudi nyuma hatua chache kina kinaongezeka tena, na ukitumia 35mm badala ya 50mm kinaongezeka zaidi ya hapo.

Mtu atasema sawa, lakini ukumbini ni giza, f/5.6 nitaitoa wapi. Kutoka f/1.8 kwenda f/5.6 unapoteza stopu tatu na theluthi, kweli ni nyingi, kama ulikuwa ISO 800 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ungetakiwa uende karibu 8000 na picha inajaa chengachenga. Hapo ndo fleshi inafanya kazi yake, na fleshi yenyewe inaongea lugha ya f moja kwa moja. Kila fleshi ina namba yake ya nguvu imeandikwa kwenye kitabu chake, ukiigawanya kwa f unapata umbali inaofika kwa mita. Ikiwa 36 kwa ISO 100, ukiweka f/4 inafika mita 9, ukiweka f/8 inafika mita 4.5. Ukipandisha ISO hadi 400 umbali unazidi mara mbili, kwaiyo f/8 unarudi kwenye mita 9, picha ya ukoo wote inapatikana bila shida hata kama fleshi umeigeuzia pembeni kidogo na ikapoteza nguvu. Na ukishapiga na fleshi, mwanga wa fleshi unatawaliwa na tundu, mwanga wa zile taa za ukumbi unatawaliwa na tundu pamoja na shata, yani muda ambao kamera inaachia mwanga uingie. Ukitaka mapambo ya nyuma yaonekane punguza mwendo wa shata, usiguse f. Hilo peke yake likieleweka zile picha za watu weupe pee mbele ya giza totoro zitapungua sana.

Mchana shida inageuka. Jua la saa sita pale Coco Beach, kanuni ya zamani ya watu wa filamu bado inafanya kazi, weka f/16 na shata iwe moja gawanya kwa ISO, yani ISO 100 shata 1/100 au karibu na hapo. Kutoka hapo unahesabu tu, f/8 ni stopu mbili kwaiyo shata 1/400, f/2.8 ni stopu tano, 1/3200. f/1.8 inataka kama 1/8000, na kamera nyingi za bei ya chini zinaishia 1/4000, kwaiyo picha itaungua tu ufanye unavyofanya, labda uweke filta nyeusi ya kupunguza mwanga au umsogeze mtu kwenye kivuli cha mti, ambako hata sura yake itatoka vizuri zaidi.

Kuna wanaokwenda upande wa pili, kwamba kama f/8 inashika vingi basi f/22 itashika vyote. Inashika, ila kila kitu kinalegea kidogo. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatanuka, nukta moja inakuwa kiduara, na ukubwa wa hicho kiduara unakua pamoja na namba ya f, kwa f/8 ni kama mikroni 11 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa f/22 unakaribia 30. Pikseli moja ya kamera ya APS-C ya megapikseli 24 ina upana wa mikroni 4 hivi, kwaiyo f/22 nukta moja inamwagikia pikseli kibao. Lenzi nyingi utamu wake uko stopu mbili tatu chini ya ufunguzi wake wa mwisho, 50mm f/1.8 ukiiweka f/4 au f/5.6 utashangaa ni lenzi ile ile. Mwaka 1932 kule San Francisco wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao waliunda kundi wakaliita f/64 kwa mapenzi ya picha iliyo shapu kuanzia jiwe la mbele mpaka mlima wa nyuma, na watu wakisikia hivo wanadhani f/64 itawafaa na wao. Wale walikuwa na kamera za filamu kubwa kama karatasi ya daftari, hasi yenyewe, yani ile filamu iliyosafishwa, wanailaza juu ya karatasi ya picha bila kuikuza, kwaiyo ule mtanuko hauonekani. Kihisi chetu ni kidogo na tunakuza mara nyingi sana mpaka kufika kwenye fremu ya ukutani.

f/16 ninayoitumia kwa hiari ni ya usiku, tripodi, Daraja la Tanzanite, taa zake zikiwa mbali. Tundu likifungwa vile vipande vinaacha pembe na kila taa inatoa miale. Vipande vikiwa shufwa miale inalingana navyo, vikiwa witiri inakuwa mara mbili, kwaiyo lenzi yenye vipande 7 inakupa miale 14. Ile 50mm f/1.8 II ya zamani ya Canon ina vipande 5, miale 10, na ukiifunga kidogo mchana ile miduara ya ukungu inageuka pembe tano. Kuna wanaoichukia kwa hilo, mi naona ina sura yake.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wenye DSLR, zile kamera zenye kioo ndani kinachokuonesha picha kupitia lenzi yenyewe. Ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia, lenzi inakuwa imefunguliwa yote muda wote, inajifunga kwenye f uliyochagua pale tu unapobonyeza shata, kwaiyo kina unachokiona kwa jicho sio kitakachotoka. Kamera nyingi zina kibonyezo kidogo pembeni ya lenzi, kwenye baadhi ni chako kukipangia kazi kwenye menyu. Kibonyeze huku unachungulia. Picha itafifia kwa sababu tundu limefungwa, subiri jicho lizoee, alafu angalia sura za mstari wa nyuma kabla hujasema tabasamu.